Mwaija na Kitabu cha Tano

Hapa Masuguru, mtaa wetu wa Korogwe, mwanamke akijifungua, wa kwanza kuitwa ni mkandaji na wa pili ni Mwaija. Mkandaji huja na maji ya moto. Mwaija huja na kitabu.

Watu wa mbali wakiuliza huyo Mwaija ni nani, swali husukumiwa kwangu, kwa sababu nimesoma chuo cha ualimu, na kwa sababu siku yake kubwa ilianzia nyumbani kwangu. Basi naisimulia, tena sawasawa, maana mtaa umeshaitia chumvi ya kutosha.

Mwaija ni mtoto wa wakulima wa Kerenge. Alimaliza darasa la saba, akaolewa hapa Korogwe, na mpaka leo kila alfajiri anakaanga vitumbua. Kazi ya kuwasomea watu aliianzia kwa dada yake. Dada alikuwa mzazi, anakandwa kwa maji yaliyokaribia kuchemka, na anapiga kelele mpaka wapita njia wanasimama. Mwaija aliona haya. Akachukua riwaya iliyokuwa dirishani, akaanza kuisoma kwa sauti ya kushindana na zile kelele. Alipofika mahali mtu anabisha hodi, dada akanyamaza ghafla.

"Ni nani huyo?"

"Tulia ukandwe, ndipo nikuambie."

Tangu hapo hajapumzika. Huwasomea wazazi katika arobaini yao na wajane katika eda. Amewahi kupanda milima mpaka Vugiri kumsomea mjane mmoja, akarudi na kapu la mapeasi. Sauti yake ndiyo mali yake. Akisoma maneno ya mzee, unamwona mzee na kikohozi chake. Akisoma ya mwanamke mjeuri, unatamani umjibu.

Mimi nilimjua vizuri nilipokaa eda. Marehemu mume wangu, Mzee Mbwana, alikuwa mkaguzi wa shule, na aliacha kabati la kioo lililojaa riwaya, kila moja imejitosheleza: inaanza, inakwisha, unaifunga. Lakini Mwaija alikuwa na kanuni yake. Mzazi asomewe kitabu kimoja kinachokwisha, maana baada ya arobaini ana safari. Mjane asomewe vitabu vya mfululizo, maana mjane anahitaji kesho.

"Sihitaji kesho ya kuazima," nilimwambia. "Nisomee cha kabatini."

"Sawa, mama. Lakini hiki tutakimaliza Alhamisi. Ijumaa je?"

"Tutaanza kingine."

"Na watu wapya, na majina mapya? Uanze kuzoeana nao kama umehamia mtaa?"

Hatukukubaliana. Mimi nasema kitabu chenye heshima husema neno lake kikanyamaza. Mfululizo ni kama mgeni anayeaga, akifika mlangoni anakumbuka habari nyingine. Mwaija husema wageni wa namna hiyo ndio wenye habari tamu.

Mwaka jana binti yangu Shamsia, aliyeolewa Handeni na kijana anayeitwa Twaha, alikuja kujifungulia kwangu, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza. Akapata mtoto wa kike, mzuri, mwenye paji la uso la babu yake. Mwaija akaitwa. Lakini Shamsia alikuwa amelimaliza kabati la baba yake tangu akiwa sekondari, na kila kitabu alichopendekezewa alijua kinavyokwisha. Mwaija akaivunja kanuni yake mwenyewe. Akaja na hadithi ya vitabu vitano, ya mwanamke aitwaye Evodia, mwenye nyumba ya kulala wageni kando ya barabara kuu. Mumewe alitoweka na lori lake, kisha wakaja wanaume wawili, kila mmoja akidai amemwona.

"Nyumba ya wageni!" nilisema. "Katika nyumba ya Mzee Mbwana?"

"Ni ya heshima, mama," alijibu Mwaija. "Ina mpaka sharti la kuvua viatu."

Nilikwenda zangu jikoni. Jikoni kwangu kuna dirisha linalotazama chumba cha mzazi, na sauti haina mlango. Haukupita muda, majirani wakaanza kuja na mikeka yao. Mkandaji alikuwa akisahau taulo ndani ya beseni mpaka maji yanapoa, na Shamsia hakulalamika hata siku moja. Nyumba iliyokuwa kimya tangu msiba ikajaa vicheko na ubishi. Nusu ya wanawake walimwamini mwanaume wa kwanza, nusu wa pili, na mchungaji mbuzi wa jirani naye alikuwa na msimamo.

Arobaini ikafika. Mtoto akanyolewa, pilau ikaliwa. Kitabu cha nne kilikuwa kimekwisha, Evodia amesimama na ufunguo mkononi mbele ya chumba kilichofungwa. Cha tano hakikuwapo. Damayanti, mwenye duka la madaftari na vitabu mjini, alikuwa amekiagiza Dar es Salaam.

"Mama," Shamsia akaniambia, "sitoki hapa mpaka nijue nani yumo chumbani."

"Una mume, Shamsia."

"Mume wangu najua alipo. Wa Evodia ndiye sijui."

"Kitabu kikija utatumiwa. Kusoma unajua."

"Nikisoma mwenyewe Evodia hasemi, mama. Anasema kwa Mwaija tu."

Twaha alikuwa akipiga simu kila jioni. Nilimkataza binti yangu asithubutu kumtajia jambo hilo. Ukoo wetu umetoa walimu, umetoa kadhi; sikutaka usemwe kwamba binti yetu amemwacha mume kwa ajili ya hadithi ya gesti. Basi Shamsia akawa anasema mtoto ana mafua. Halafu mvua. Halafu mafua tena. Yule kijana akaanza kuuliza, "Kwani nimekosa nini?"

Nilipokwenda gengeni kununua nyanya, wanawake wawili walinyamaza, kisha mmoja akasema, "Pole, Mama Shamsia."

"Pole ya nini?"

"Ya binti. Ndiyo mitihani ya ndoa."

Nilirudi bila nyanya. Ndoa isiyokuwa na doa ilikuwa inavunjwa midomoni mwa watu, na kimya changu ndicho kilichowapa nyundo.

Kitabu kilifika Jumamosi kwa basi. Jumapili asubuhi, Mwaija akiwa ameanza tu sura ya kwanza, gari aina ya Noah lilisimama nje. Akashuka Twaha, macho mekundu, na mama yake, Bi Rukaya, amevaa kanga mpya na uso wa kikao. Dereva wao, Faraji, akabaki mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema Twaha.

Tuliketi. Bi Rukaya hakugusa chai.

"Mkwe, tumekuja kuuliza. Kama kijana wetu amekosa, tuambiwe tumrudi. Kama hatakiwi, tuambiwe pia. Huko kwetu watu wamekwisha kutusema."

Nilikohoa. "Mkwe, mtoto alikuwa na..."

"Mama, usiseme mafua," Shamsia alidakia. Akainua kitabu kutoka chini ya mto. "Nilikuwa nasubiri hiki. Twaha hajakosa kitu. Nimemkumbuka mpaka basi."

Nilitamani sakafu ipasuke. Bi Rukaya alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akamtazama Mwaija.

"Hadithi?"

"Hadithi, mama."

"Inahusu nini?"

Shamsia akaanza kueleza. Kwa mwanaume wa kwanza Bi Rukaya alisogeza kiti. Kwa wa pili alishika kikombe cha chai. Ilipofika habari ya ufunguo, alikuwa anakula kitumbua cha tatu.

"Huyo wa kwanza mwongo," alisema. "Mtu aliyemwona mwenzake hawezi kusahau rangi ya lori."

"Ndivyo nisemavyo mimi!" Faraji alisema kutoka mlangoni.

Twaha alikuwa anacheka huku amempakata mwanawe, machozi yanamtoka. "Yaani nimekonda kwa sababu ya Evodia?"

"Funga mizigo," Bi Rukaya alimwamuru Shamsia. Kisha akamgeukia Mwaija. "Na wewe, mwanangu, panda gari."

Nami nikapanda, kwa kuwa mtoto wa nyumba yangu harudishwi kwa mumewe kama kifurushi. Tulivuka mashamba ya mkonge, Mwaija anasoma. Tulipofika Sindeni, Faraji alipunguza mwendo ili asikie. Kufika Misima alikuwa anakwenda kama baiskeli, na hakuna aliyemhimiza.

Tulipoingia Handeni zilikuwa zimebaki kurasa chache. Uani kwa Bi Rukaya wanawake walikuwa tayari kwa vigelegele. Faraji akasimamisha gari kabla ya geti.

"Tukiingia watamchukua mtoto, na sisi hatutajua," alisema.

"Soma," Bi Rukaya akaamuru.

Nje, wale wanawake waliona gari limesimama na milango haifunguki. Nikasikia mmoja akisema wazi, "Amekataa kushuka!" Wengine wakashika vichwa.

Hapo nilishuka mimi. Nikanyoosha mtandio wangu.

"Hakuna aliyekataa," nilisema, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani. "Binti yangu anampenda mumewe na amerudi kwake. Tunamaliza kitabu. Anayetaka kusikia asogee, anayetaka kusengenya akae mbali asije akatupotezea neno."

Walisogea wote. Vioo vikashushwa, Mwaija akapandisha sauti. Evodia aliingiza ufunguo, mlango ukafunguka, na aliyekuwamo ndani akasema neno moja ambalo sitaliandika hapa, kwa kuwa wapo ambao hawajafika hapo. Vigelegele vilipasuka. Alipigiwa kwanza Evodia, kisha mtoto, kisha Twaha, aliyekuwa akiruka kama vile lori limerudi kwake yeye.

"Sasa tunaanza upya, na sisi tusikie!" walidai wale wanawake. "Kitabu cha kwanza kiko wapi?"

Mwaija alitabasamu. "Kipo kwa Mama Shamsia, kwenye kabati la kioo."

Wote wakanigeukia.

"Nilikihifadhi," nilisema. "Sura za mwanzo nilikuwa jikoni, mafuta yalikuwa yanalia."

Mwaija alibaki Handeni mpaka wanawake wale walipokimaliza cha tano, na anaitwa huko mpaka leo. Mimi msimamo wangu haujabadilika: kitabu bora ni kimoja, kinachokwisha. Damayanti ananiambia cha sita kinaandikwa. Nimemwambia aniagizie, nikihifadhi.