Daktari Asiyeachia Mkono

Daktari wa homoni hakungoji mezani. Anakufuata mlangoni, anakupa mkono, halafu haachii. Wagonjwa wa kwenye benchi hutaniana kwamba ukikawia humo ndani ujiandae kudai mahari. Anakuuliza habari za njiani na za watoto, taratibu, huku kidole gumba chake kikipapasa vifundo vya vidole vyako, jasho lako, mtetemeko wako. Siku tuliyompeleka shemeji yangu, ambaye sukari yake haikushuka kwa dawa yoyote, dada yangu alikaa kiti cha mbali, amenuna. Daktari aliushika ule mkono hadi mimi nikaona haya.

“Pete ya ndoa iko wapi, baba?”

Dada akadakia, “Muulize vizuri! Mwaka wa pili huu ameivua.”

“Hainiingii,” shemeji akanong’ona.

“Na viatu?”

“Kila nikinunua naongeza namba.”

Daktari akamgeukia dada. “Mama, mkono huu unakua. Nadhani kuna homoni imezidi, na ndiyo inayopandisha sukari. Tutapima, na dawa yake ipo.” Kisha akamsogezea ule mkono. “Haya, zamu yako.”

Dada akaushika, asiuachie mpaka nyumbani.