Bi Tatu Alivyonipeleka Mlango kwa Mlango

Usiku ule nililala na hasira, na hasira zenyewe ni za kujikasirikia mwenyewe. Mchana nilikuwa kwa daktari wa upasuaji wa hospitali yetu. Alinionyesha picha ya mshipa mkubwa wa damu, ule unaotoka moyoni ukashuka tumboni. Wangu umevimba, na ukipasuka hakuna muda wa kunikimbiza popote. Akasema atanipasua Jumatatu. Nikaitikia, "Ndiyo, daktari." Akauliza kama nina swali, nikasema sina. Maswali nilikuwa nayo tele, yamenijaa kooni, lakini huyu ndiye aliyenitoa kidole tumbo miaka ile, tena ana adabu zake. Nikaona kumhoji ni kumvunjia heshima.

Basi usingizini akaja Bi Tatu, aliyenifundisha kushona kofia nikiwa msichana. Mimi ni mmoja wa wanawake waliomkosha siku ya maziko yake, kwa hiyo nilijua vizuri kwamba amekufa. Sikuogopa hata kidogo.

Nimo ukumbini kwake, asubuhi, jua limeingia mpaka mkekani. Kitambaa cheupe kiko mapajani, nashona vile vitundu vidogo vidogo vya kofia. Nikitazama tena, kitambaa ni tumbo langu mwenyewe, na uzi ni mwekundu. Siumwi. Naona aibu tu, kama niliyeharibu nguo ya mtu.

Bi Tatu anaichukua ile kazi, anaigeuza nyuma. Yeye kazi ya mtu aliikagua kwa nyuma siku zote.

"Nani atakumalizia hii?"

"Daktari."

"Za hivi ameshona ngapi?"

Hilo ndilo swali alilomuuliza kila mwanafunzi kabla hajamkabidhi kitambaa. Ukisema hujashona hata moja, hakukugombeza. Alikupa kitambara kibovu ujifunzie. Na mteja akimletea kofia ya nakshi asiyoizoea, hakuigusa. Alijitanda kanga, akamshika mteja mkono, akampeleka mwenyewe mpaka kwa fundi wa nakshi hiyo. Wenziwe walimwona mjinga kwa kugawa wateja.

"Sikumuuliza," nasema. "Niliona haya."

Ananirudishia kazi yangu mapajani.

"Kwa hiyo utakufa kwa adabu, mwanangu?"

Hasubiri jibu. Amekwisha kujitanda, kanishika mkono, tunatoka. Mkono wake una joto, na hilo linanishangaza kuliko kumwona. Nje ya nyumba ni baraza ya hospitali, wagonjwa wamekaa foleni, kila mmoja na kofia isiyokwisha mapajani. Tunabisha mlango wa kwanza. Daktari wangu anachungulia, anaigeuza kazi yangu, anatikisa kichwa bila kuudhika. "Si yangu hii. Jaribuni mbele." Mlango wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Nachoka, nataka kukaa chini, Bi Tatu ananivuta. Mlango wa mwisho uko wazi. Ndani kofia zimetundikwa ukuta mzima, za nakshi ileile ya tumbo langu, na zote zimekwisha. Anauachia mkono wangu.

"Ingia wewe. Mimi sina kazi humo."

Nikaamka napiga hodi kwa sauti.

"Unambishia nani, mama Rukia?" akauliza mume wangu. Kumekucha, yeye keshavaa. Nikamhadithia yote. Akacheka mpaka akakaa kitandani. "Bi Tatu huyo! Hata huko aliko bado anakagua kazi za watu!" Kisha kicheko kikamwisha. "Basi vaa twende tukaulize."

Tulimkuta daktari ofisini kwake. Nilisema upesi kabla ulimi haujaniganda: "Daktari, samahani, operesheni za namna hii umefanya ngapi?" Mume wangu akatazama viatu vyake. Nikajua nimeshaharibu.

"Nimesaidia mbili," akasema. "Peke yangu, hata moja. Wagonjwa wengi nikiwaambia waende mbali hudhani nimewakatia tamaa, hawarudi tena. Nikaogopa na wewe utabaki nyumbani." Akashika simu palepale, akampigia daktari bingwa wa mishipa ya damu wa Dar es Salaam. Alipomaliza alinishukuru. Mimi! Nilitoka pale nimenyoosha shingo.

Huko Dar, bingwa mwenyewe ni mwanamke wa makamo. Nilimuuliza swali lile kabla sijakaa vizuri. "Wiki hii wewe ni wa tatu," alinijibu, macho yakiwa kwenye picha yangu. Kisha akawaita wenzake, wa moyo, wa figo na wa dawa ya usingizi, na kila mmoja nikamuuliza lilelile. Yule wa mwisho alianza kujibu kabla sijafungua mdomo.

Siku ya operesheni nililala bila ndoto yoyote. Nilisikia jina langu likiitwa kwa mbali, mara likawa karibu. Nikafumbua macho. Muuguzi ameniinamia. "Bi Mwanakhamis, mshipa umeshatengenezwa. Unanisikia?"

Koo lilikuwa kavu. "Nakusikia," nikasema. "Nipo." Nikaona haitoshi, nikarudia kwa nguvu, wa vitanda vya jirani wakageuka: "Nipo!" Mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akaangua kilio mbele za watu. Nami nikamcheka, kidonda kikaniuma, nikaendelea kumcheka.