Blanketi la Mlima Moroto

Siku ile tulikuwa wanne: mimi; mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa mwalimu mpya; rafiki yangu Mkenya, aliyekuwa fundi wa pikipiki pale Kisenyi; na mfugaji mmoja wa Karamoja ambaye hatukumtarajia.

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu watatu katika chumba kimoja Makindye. Huyu ndiye aliyefika chuo. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa, na tangu utotoni madaktari walinionya asipigwe na baridi. Kwa hiyo alipopangiwa kufundisha Karamoja nilifurahi. Kwetu sisi wa Kampala, Karamoja ilikuwa jangwa, na jangwa ni joto. Mablanketi yetu mawili niliwaachia wadogo waliobaki nyumbani, tukapakia madumu ya maji.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Siku ya pili nyika ilituchoma mpaka midomo ikapasuka. Alasiri fundi akaonyesha Mlima Moroto.

"Tukalale kule juu, kuna upepo. Huku chini tutaiva kama muhogo."

"Nyinyi Wakenya mnaogopa jua kuliko polisi," mdogo wangu akamtania.

Tulipopanda, injini zilianza kukohoa. Fundi akasimama, akarekebisha kabureta. "Hewa ya huku nyepesi," akasema, "injini inataka ipunguziwe petroli." Hakuna aliyeuliza hewa hiyo ingetufanya nini sisi.

Tukafunga turubai kwenye mwamba, tukachemsha chai. Jua lilipozama tu, joto lote likaondoka, hata mawe yakapoa. Mdogo wangu akavaa mashati yake yote.

"Kaka," akasema, "miguu."

Sauti ile niliijua. Alimeza dawa zake, tukamweka katikati, fundi kifuani, mimi mgongoni. Kuni zilikuwa vijiti vya miiba, viliwaka na kuisha. Kushuka na pikipiki gizani kwenye korongo tulilopandia kungetuua. Nilimkanda miguu, alinisihi niache, kisha akanisihi niendelee.

Mfugaji alikuja kwa sababu aliuona moto. Kiswahili chake alikipata kwa wanajeshi.

"Nyinyi! Nani aliwatuma kulala hapa?"

"Ni mgonjwa, mzee. Tulikimbia joto."

"Joto iko chini. Hapa ni mlima. Hamkujua?"

"Hatukujua."

Akavua blanketi lake zito, akamfunika mdogo wangu. Ndani alikuwa na fulana iliyotoboka. Nilipotaka kukataa alisema, "Nyamaza, wewe," akachutama kando ya majivu. Mpaka kulipokucha nilikuwa nikisikia meno yake yakigongana.

Asubuhi maumivu yalikuwa yamepungua kidogo. Nilijaribu kulitoa blanketi, mdogo wangu akalia. Mzee akanishika mkono.

"Enda nayo. Utarudisha."

Tulivyoshuka ndivyo joto lilivyorudi. Tulipofika hospitali jasho lilikuwa likimtiririka, nami bado niliogopa kumfunua.

Alipona, akafundisha. Mimi nimerudi mlimani mara mbili. Wafugaji walikuwa wamehama na ng'ombe wao, na wenyeji niliowauliza wakaniuliza jina lake. Sikuwa nalo. Nilikuwa nimesahau kumuuliza.

Blanketi limefuliwa, liko juu ya kabati Makindye. Mdogo wangu akija likizo, mvua ikileta baridi, hulitazama, kisha hujifunika kitu kingine.