Annis Pickup na Kitabu cha Ajali

Annis Pickup hakuandika hata mara moja kwamba ajali "ilitokea". Kwa miaka kumi na tisa alitunza kitabu cha ajali katika kiwanda cha kufuma vitambaa mjini Burnley, Uingereza, na kanuni yake ilikuwa hii: kila jeraha lina mtu aliyelisababisha, na mtu huyo aandikwe kwa jina. Kiingereza cha kwao kina kitenzi kimoja kidogo, "make", cha kutengeneza chai, kushona gauni na kumlazimisha mwenzako. Kwa kuwa ni kidogo, wengi hulazimisha wenzao bila kujihisi wakosaji.

Mwaka 1953 mashine ilimkata mfumaji Doreen Catlow vidole viwili alipokuwa akiifuta vumbi huku inazunguka. Meneja, Bwana Ormerod, alimjia Annis na sentensi yake tayari.

"Andika: amejisababishia mwenyewe kwa uzembe."

"Nani alimwambia asiizime?"

"Hakuna. Andika, mama, mkaguzi wa serikali anakuja kesho."

Annis alijua kwamba sentensi hiyo ingemfukuzisha Doreen, na mashine zingeendelea kufutwa zikizunguka. Hakuandika kitu.

Asubuhi iliyofuata Ormerod alijifungia katika ofisi ya vioo na msimamizi wake. Ormerod alikuwa mtu wa Manchester, hajawahi kufuma. Hakujua kwamba katika kelele zile za mashine wafumaji husomana midomo tangu wakiwa wasichana, na Annis alikuwa amefuma miaka ishirini kabla ya kushika kalamu.

"Mimi ndiye niliyewaamuru wasizime," mdomo wa meneja ulisema nyuma ya kioo. "Mkaguzi asijue."

Upande wa pili wa ukumbi, mfumaji Nellie Sagar alimwonyesha Annis midomo yake bila sauti: "Umemwona, shoga?"

"Nimemwona. Mdomo wote huo, kama mlango wa kanisa!"

Annis akafungua kitabu, akaandika: *Bwana Ormerod aliwalazimisha wafumaji kusafisha mashine zikizunguka. Hilo ndilo lililomkata Doreen Catlow.*

Ormerod alipoisoma, uso ulimwiva. "Ulijificha wapi ukatusikiliza?"

"Nani anasikia kitu humu ndani, bwana? Nilikutazama tu. Na wenzangu arobaini walikutazama."

"Futa!"

"Ni wino."

"Nitakulazimisha uufute!"

"Jaribu. Na hilo nitaliandika humo humo, chini ya lile la kwanza, na jina lako tena."

Mkaguzi alikisoma kitabu kabla hajaketi, akawauliza wafumaji mmoja mmoja. Wote walisema lile lile. Tangu siku hiyo mashine zilizimwa kabla ya kufutwa, na Doreen akapewa kazi ya ghalani.

Wapo wanaosema Annis alikuwa mkaidi. Ndiyo, alikuwa, na ningependa tungekuwa na wengi wa namna yake.

Ijumaa iliyofuata alifukuzwa kazi. Nyumba aliyoishi ilikuwa mali ya kiwanda, akatolewa. Hakuna kiwanda kingine mjini kilichomwajiri.