Jedwali la Watu Saba

Harufu ya makaa yaliyolowa hunitia hasira mpaka leo. Wengine wakiinusa hukumbuka jiko na chai. Mimi hukumbuka ukuta wa sebule yetu, Kindu, wakati wa vita, treni imekoma kulia, majani yameota katikati ya reli, na mitumbwi ya mto Lualaba inaleta askari wengi kuliko chumvi. Shule ilifungwa. Kaka yangu Abedi, aliyekuwa akisoma hesabu chuo kikuu Kisangani, alirudi kwa miguu kupitia Lubutu, nyayo zimepasuka, na hakuwa na kazi ila sisi wadogo zake. Basi akaokota makaa jikoni, akachora ukutani jedwali la miraba, saba kwa saba, akaandika pembeni na juu majina ya watu wa nyumba: Bibi, Mama, yeye mwenyewe, Zaina, mimi, Juma na Asha mdogo.

Kisha akatupa sheria. Wawili wakikutana, wamtoe mtu wa tatu, jina lake liandikwe kwenye mraba wao, haijalishi nani katangulia. Mtu akikutana na nafsi yake, abaki yeye. Na yule aliyetolewa akikutana na mmoja wa wale wawili, amrudishe mwenzake: kama Bibi na Mama wamemtoa Abedi, basi Abedi na Bibi wamtoe Mama. Kusema rahisi, kutenda kazi. Tulijaza, tukakwama, tukafuta kwa kitambaa chenye maji, mchana kutwa, vidole vyeusi, Mama akilalamika kwamba tumeigeuza sebule kuwa jiko. Jedwali lilipotimia, bila mraba hata mmoja kuvunja sheria, tulipiga vigelegele kama arusini. Nikataka tumwondoe Asha, mwenye fujo, tubaki sita. Abedi akacheka, akaniachia makaa nijaribu. Nilishindwa. Akanionyesha sababu: kila mtu lazima awapange waliobaki wawili wawili, na katika sita, kila mmoja ana wenzake watano. Mmoja hukosa wa kwenda naye.

Lakini mtaani kwetu miraba ilikuwa na maana nyingine. Bibi mwenyewe alivaa hirizi ya ngozi, ndani yake karatasi ya miraba na herufi, na vijana waliopigana msituni walizitafuta kinga za namna hiyo kuliko chakula. Jirani aliyekuja kuomba moto aliuona ukuta. Penye wengi pana mengi: kufika jioni mtaa wote ulishajua kwamba nyumba yetu haiingii risasi kwa sababu ya dawa ya Abedi. Wapiganaji wakaja na bunduki zao.

"Utuandikie na sisi hii dawa kwa nguo," alisema mkubwa wao.

"Mukubwa, hii njo hesabu tu. Haizuie risasi."

"Kumbe! Ya kwenu iko kwa ukuta, ya kwetu hakuna?"

Abedi akawaeleza sheria, mraba kwa mraba, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini. Asiyejua maana haambiwi maana. Wakamchukua akawaandikie huko msituni, na jirani yule yule, mdomo wake haujapoa, akamwambia Mama kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Mama hakuubusu. Aliwafuata mpaka kivukoni akipiga kelele, wakamsukuma matopeni. Baadaye tulisikia kwamba walipigwa vibaya, na waliopona walisema Abedi aliwaandikia dawa ya uongo. Walichomfanya sitakiandika.

Leo nafundisha hesabu hapa hapa Kindu. Juzi shule yetu ilimpokea mgeni rasmi mwenye suti, nikamtambua kwa sauti kabla ya sura. "Watoto, hesabu njo maendeleo," alisema mkubwa yule wa wapiganaji, na walimu wenzangu wakampigia makofi. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani. Wenzangu hao huniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nani aliganga? Mama anakufa na jina la mwanawe mdomoni, yeye anapewa shada la maua!

Alipoondoka niliingia darasani, nikachora jedwali, nikaandika majina yetu saba. Wanafunzi walihangaika, wakalijaza sawasawa. Kisha nikafuta jina la Abedi kila lilipokuwa, nikawaamuru walitengeneze upya kwa hao waliobaki. Walijaribu mpaka kengele ikalia. Msichana wa benchi la mbele akasimama, chaki mkononi, karibu kulia.

"Madamu, haiwezekane. Kila mara kuko mumoja anabakia peke yake."

Nikamwambia ni sahihi, akae.