Kamba Niliyoitoa Adhuhuri

Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu Vitongoji na fundi, tukapime kiwanja alichoniachia bibi yangu. Fundi akapigilia vigingi vinne, akavuta uzi, akakuna kichwa. "Dada, maji ya kufyatulia tofali utayatoa wapi?" Kabla sijajibu, akakiona kisima pembeni ya kiwanja, akafurahi kama mtu aliyeokota pesa. "Si haya hapa! Nakuja na pampu, siku mbili tumemaliza."

Nikajikuta nimeshika mdomo. Maana kisima kile, rafiki yangu, mie nakijua. Nilishapata kukiua.

Ngoja nikuanzie mbali kidogo. Mama alikuwa kazini Unguja, nami nikalelewa na bibi, sisi wawili tu na kuku wetu. Kisima kilikuwa cha watu wote wa mtaa, lakini kamba ilikuwa ya bibi. Aliisokota mwenyewe kwa makumbi ya nazi aliyoyafukia pwani mpaka yakalainika, na ikikaa kwenye msumari ndani ya ukumbi wetu. Kila alfajiri, watu wakishasali, niliamshwa na sauti zilezile.

"Hodi, Bibi! Twataka kamba."

"Karibuni, kamba iko. Nyie ndio mmechelewa."

Hapo tena ni kidoo cha kutekea kugonga mawe ya kisima, maji kumiminwa kwenye madumu, na wanawake kucheka. Moshi wa makuti ukinijia kitandani pamoja na harufu ya muhogo unaochemka. Habari zote za mtaa zilipita pale kwanza: nani kajifungua, nani kaposwa, nani jana kaunguza wali akamsingizia paka. Jua likishauvuka mnazi mfupi, bibi alitoka, akaikunja kamba, akaitundika. Kisima kimelala, mpaka baada ya alasiri. Hakuna aliyebisha.

Nilimuuliza siku moja kwa nini. "Chini ya maji yetu bahari imelala, mjukuu wangu," akasema. "Ukiteka pole pole haina habari. Ukiteka kwa pupa utaiamsha, nayo ikiamka hupanda."

Basi mie nilikuwa na habari gani na bahari? Mie nilikuwa naota mfereji wa ndani ya nyumba, ule unaozungusha koki maji yakatoka. Nilichora nyumba mchangani kwa kijiti, kila chumba nikakipa mfereji wake, hata banda la kuku. Bibi akipita na ufagio husema, "Ehe, na kuku nao wataoga?"

Mwaka ule jirani yetu alirudi kutoka Uarabuni, akaanza kujenga nyumba ya matofali, ya kwanza upande wetu. Nilikuwa nashinda pale. Mkewe akaniahidi: "Ikisha, weye ndiye utakayefungua mfereji mwanzo." Sikulala kwa furaha.

Lakini nyumba ilikua kama jino la mtoto. Bibi aliwapa maji kwa zamu, asubuhi na jioni, kama watu wengine. Jirani akaja kukaa barazani kwa adabu. "Bibi, kiangazi hiki tofali zangu zinapasuka kwa jua. Niongezee kidogo."

"Nyumba yako nzuri, mwanangu, na nnaiombea," bibi akamjibu. "Lakini ngoja mvua. Nyumba itangoja, chungu hakingoji."

Siku chache baadaye bibi akaenda kijiji cha pili kumtazama mgonjwa. Adhuhuri mafundi wakabisha hodi.

"Bibi yupo?"

"Hayupo."

"Na kamba?"

Nikautazama msumari. Nikaufikiria mfereji wangu. Nikakisogeza kinu, nikapanda juu yake, nikaitoa kamba.

Waliteka mpaka karibu na alasiri. Mie nilibeba vidumu, nikaimba, nikawa mwenyeji wa shughuli nzima. Kidoo kilipoanza kupanda na tope, fundi mmoja akacheka: "Leo kisima tumekinywa mpaka mchuzi wa mwisho!" Nami nikacheka. Kicheko kile hata leo nikikikumbuka nnaona haya peke yangu.

Jioni bibi alirudi, wanawake wakakusanyika. Mmoja akateka, akachovya kidole, akaonja, akatema: chumvi. Bibi akaonja naye. Hakuwatazama mafundi, alinitazama mie. Nikajua fimbo inakuja.

"Ulipanda kinu?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Ungeanguka," akasema, akaingia ndani.

Ni hayo tu. Laiti angenichapa.

Chumvi haikuondoka. Wanawake wakaanza kwenda kisima cha mbali, nyuma ya makonde. Leo mmoja, kesho wawili, kisha wote. Jirani alikuja kuomba radhi, bibi akampa radhi na chai. Nyumba ikaisha, nao wakatimiza ahadi, wakaniita nikafungue mfereji. Ukakohoa, ukatoa upepo, ukanyamaza. Bomba la mtaa lilikuwa limefika, maji ndiyo hayajafika.

Lakini kilichonikaa moyoni si mfereji. Ni bibi, kila alfajiri, akiishusha kamba na kukaa nayo mapajani karibu na mlango, kama anayengojea wageni. Kukishapambazuka alikwenda kuteka kidoo kimoja, akaonja, akakimwaga. "Bado," alisema. Tukanywa chai yetu kwa maji ya mbali, wawili tu, kimya. Sikujua kuwa nyumba yetu ilikuwa na kelele mpaka kelele zilipohama.

Masika ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Asubuhi moja alionja, akafumba macho. "Kimerudi." Akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia. Watu wakamshukuru sana, wakamkaribisha muhogo. Lakini bomba lilikuwa limeshaanza kutoa maji, na kila mmoja alikuwa na ngoma yake ya maji, pipa zima, uani. Hakuja mtu. Bibi alifariki akiwa bado anaishusha kamba kila alfajiri.

Basi siku ile, mbele ya fundi, niliteka kidoo kwa uzi wake, nikaonja. Matamu, rafiki yangu. Matamu kama yale ya zamani.

"Pampu hapana, fundi," nikamwambia. "Tuanze na tangi la mvua. Likijaa masika, ndipo tufyatue tofali."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Watu huanza na msingi, dada, weye waanza na tangi! Utazeeka hujahamia."

"Nitazeekea hapa hapa, nikingoja mvua."

Akakunja uzi wake, akaenda zake akitikisa kichwa. Tangi anakuja kulianza Jumamosi. Vigingi vinne nimeviacha vimesimama, na nyumba yangu nimeichora katikati yake kwa kijiti. Safari hii mfereji mmoja unatosha.

Nililala kwenye kibanda cha bibi, ambacho bado kimesimama. Kamba yake ilishaoza, nikanunua mpya dukani, nikaitundika kwenye msumari uleule. Alfajiri nikasali, nikaishusha, nikakaa nayo karibu na mlango. Mbali nilisikia maji yakimiminika kwenye ngoma za watu, kila mtu uani kwake. Jogoo akawika, akanyamaza. Jua likapanda mpaka likauvuka mnazi mfupi, ambao sasa ni mrefu.

Hakubisha hodi mtu yeyote. Hata hivyo nikaitikia, pole pole, nisisikiwe: "Karibuni, kamba iko. Nyie ndio mmechelewa."