Herufi Mbili za Ukurasa wa Mwisho

Kama kuna mtu aliyekuambia kwamba mwandiko mzuri haumlishi mtu, mpeleke akapige hodi kwa Fundi Herufi. Miaka thelathini na tisa mwanamke huyu amepanda ngazi na kopo la rangi mkononi, akaandika kila kinachoandikika: maduka ya dawa, saluni, mashine za kusaga, ubavu wa malori, na ule ukuta wa nyuma ya soko unaosema USIKOJOE HAPA, ambapo watu wanaendelea kukojoa bila haya chini ya herufi nzuri kuliko zote mtaani.

Halafu ng'ambo ya barabara wakafungua mashine ya mabango ya plastiki. Dakika kumi tu, bango limetoka, na picha ya mwenye duka akitabasamu juu yake. Wateja wakavuka barabara mmoja mmoja, wengine wakijifanya hawamwoni.

"Waacheni waende," alisema Fundi Herufi. "Jua likilipiga hilo bango la plastiki miezi mitatu, litapauka mpaka mwenyewe asijijue."

Ilikuwa kweli tupu. Likipauka, walinunua jingine.

Ndipo akaja binti wa mdogo wake wa kiume, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye vidole vyeusi kwa wino, kakumbatia bahasha kubwa kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa ishirini na nne za katuni, toleo la kwanza la mfululizo alioupa jina la *Majira*. Shujaa wake, Majira mwenyewe, ni fundi wa saa, msichana mwenye kibanda kando ya barabara, na kila saa mbovu anayoivaa mkononi humrudisha kwenye siku ile ilipokufa. Huko nyuma ana nguvu za ajabu: anasimamisha ukuta unaoanguka, anadaka gari lililokatika breki. Michoro ilikuwa hai, wallahi, ila viputo vya maneno vilikuwa vitupu.

"Nilijaribu herufi za kompyuta," alisema binti. "Zikawa kama risiti ya umeme. Nataka mkono wako, shangazi."

Nani angekataa? Lakini binti alimwambia na lililobaki. Baba yake amechoka kumwona mtu mzima anachora watu wanaoruka. Ana rafiki yake mwenye ofisi ya bima, na fomu ya kazi iko mezani nyumbani. Makubaliano ni haya: toleo la kwanza likipokewa, binti aendelee kuchora. Lisipopokewa, Jumatatu inayofuata anaingia ofisini, na kalamu zote zinafungiwa kabatini.

"Hili toleo moja tu?"

"Moja tu, shangazi."

Basi Fundi Herufi akasafisha meza, akachonga kalamu, akaanza. Na hapa lazima nikueleze jinsi fundi wa vibao anavyofanya kazi, maana bila hilo utamwonea bure. Fundi wa vibao hasomi. Anahesabu. Neno likiwa na herufi nane, anatafuta katikati, anaanza na ya nne na ya tano, kisha anatembea nje kushoto na kulia mpaka neno likae sawa bila kuegemea upande. Maneno humfikia yakiwa vipandevipande. Amewahi kuandika tangazo zima la msiba na asijue aliyekufa ni nani mpaka alipofika kwenye mazishi.

Wiki tatu akajaza viputo. Kurasa zikaenda kiwanda cha uchapaji, na Alhamisi vikarudi vitabu mia nne vinanukia wino. Jumamosi asubuhi vilitakiwa viwe kwenye duka la vitabu, ambako mwenye duka alikuwa amekubali kuvipanga dirishani.

Siku hiyo ya Alhamisi Fundi Herufi akachukua nakala yake, akavaa miwani, akakaa barazani kusoma kama wasomavyo watu wengine, kuanzia mwanzo. Akacheka penye kuchekesha. Akaogopa lori lilipokosa breki. Ukurasa wa mwisho, Majira amemaliza kazi yake huko zamani, na mlangoni kasimama mama yake, bado kijana. Shujaa anageuka, anaaga. Kiputo kilitakiwa kiseme: NITARUDI, MAMA.

Kilisema: NILIRUDI, MAMA.

Loo! Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. LI ilikuwa pale pale, imekaa vizuri, haina wasiwasi. Mtu anaondoka halafu anasema alirudi! Hadithi nzima ya kusafiri katika wakati, na yeye amekwenda kuharibu wakati wenyewe. Jambo jingine lilimuuma zaidi: I ni nyembamba kuliko A. Mkono wake ulikuwa umeipanulia nafasi ili pengo lisionekane, kana kwamba ulikusudia.

Angeweza kunyamaza. Binti alikuwa ameziona kurasa zile mpaka macho hayaoni tena. Lakini Fundi Herufi hakulelewa hivyo. Alivaa viatu, akaenda akamwambia.

Binti aliusogeza ukurasa karibu na macho.

"Herufi mbili, shangazi," alisema, kidole juu ya LI. "Herufi mbili tu!"

"Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea."

Ijumaa kutwa walikaa uani na wino mweupe na brashi ya unywele mmoja, wakijaribu kufuta LI na kuandika TA. Karatasi ya kiwandani ilikuwa na utelezi. Wino ukatambaa, ukamfunika mama wa watu uso mzima. Walipoharibu nakala kumi na tatu, binti akaweka brashi chini.

"Tuache. Kama ni bima, basi na iwe bima."

Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka.

Jumamosi dukani walifika watu wachache, kisha wengi kidogo. Baba mtu naye akaja, shati limepigwa pasi, akasimama karibu na mlango kama askari wa zamu. Fundi Herufi alijibanza nyuma ya rafu ya vitabu vya hesabu, anatamani ardhi ipasuke immeze. Muuguzi mmoja, bado na sare yake, alinunua nakala, akaisoma amesimama, akaondoka. Baada ya dakika tano huyo karudi, kaishika wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Fundi Herufi akafumba macho.

"Nani kaandika hiki?" muuguzi aliuliza kwa sauti. "Mbona mnatutesa? Huyu alirudi lini?"

Watu dukani wakageuka.

"Hapo mimi mwenyewe nimekwama," alisema dereva mmoja wa lori, mtu mnene, kitabu kimepotea mkononi mwake. "Anaondoka, anasema nilirudi. Maana yake alisharudi, ila mama hakumtambua!"

"Enhe! Basi yule mama muuza maji ukurasa wa tano ndiye Majira, kazeeka!" muuguzi akadakia.

"Wacha wewe!"

"Fungua uone! Kuna saa mkononi!"

Kurasa zikafunuliwa duka zima. Binti alitoa macho. Yule muuza maji alimchora kujaza nafasi tu, na saa alimvisha kwa sababu mkono ulionekana mtupu. Watu wakabishana mpaka wapita njia wakaingia kuuliza kuna nini, nao wakanunua ili wabishane vizuri. Ilipofika saa sita mchana dirisha lilikuwa tupu, na mwenye duka akamshika binti kiwiko.

"La pili linakuja lini? Nataka nakala mia sita. Na huyo aliyeandika nilirudi, usimwachie aende kwa mtu mwingine."

Baba mtu alisikia. Akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Nitampigia yule rafiki yangu," alimwambia binti yake. "Amtafute mtu mwingine wa bima."

Binti alimrukia shingoni mbele za watu, na pasi yote ya shati ikaishia hapo.

Baadaye wakaingia watatu, binti, baba yake na shangazi, kwenye chumba cha nyuma, katikati ya maboksi, kunywa chai. Binti alikuwa bado anacheka peke yake.

"Lakini shangazi, hebu sema kweli. Mkono uliteleza?"

Fundi Herufi akazungusha kikombe. Angeweza kusema ndiyo.

"Ule uso wa mama mlangoni uliutoa wapi?"

"Kwenye picha ya bibi, ile ya sebuleni kwetu. Sikuwa na uso mwingine wa zamani."

"Basi ndiyo hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokwenda kujifunza kazi hii. Nilimuaga pale mlangoni, nikamwambia nitarudi mwisho wa mwezi. Mwezi ukawa mwaka. Walipoleta habari kwamba anaumwa, nilipanda gari siku hiyo hiyo. Nilifika Jumanne. Walikuwa wamemzika Jumatatu." Akapumua. "Sasa naketi kumwandikia mama yangu neno, halafu niandike nitarudi tena? Nilikwishamwambia hilo. Mkono umekataa. Nilirudi, jamani. Nilichelewa, lakini nilirudi, na yeye hakujua."

Aliyejibu ni baba yake, akiongea na ukuta.

"Alijua."

"Nani kakuambia?"

"Nilikuwa na miaka kumi na minne, dada, niko naye peke yangu. Jumapili ile akawa anauliza kila mara: amefika? Amefika? Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia amefika mama, yuko nje ananawa miguu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimdanganya mtu anayekata roho. Miaka yote hii sijamwambia mtu, niliona aibu."

Fundi Herufi alimshika mkono mdogo wake, kwa nguvu, kama anayemzuia asianguke ngazini.

"Akasemaje?"

"Akatabasamu. Akasema, mpe chakula, atakuwa na njaa. Halafu akalala."

Fundi Herufi akalia palepale, katikati ya maboksi ya vitabu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.